Mkato si pumzi, mdogo wangu

Haya wadogo zangu, leo sina habari za mchumba aliyezima simu wala za shoga aliyeazima dera akasahau kurudisha. Barua iliyonikalisha kitako juma hili ni ya binti wa kidato cha tatu hapa Ukunda. Kaanza kwa Kiingereza, ukurasa mzima, halafu kachoka, karudi nyumbani kwa Kiswahili. Kaambatanisha na insha yake. Mwalimu kaizungushia miduara myekundu 9, na kila mduara una mkato ndani yake, au pengo ambapo mkato ungekaa. Alipouliza auweke wapi, akaambiwa auweke pale anapopumua. "Sasa Dada," ananiuliza, "mimi nina pumu. Nipumue wapi?"

Nilicheka peke yangu kwenye tuktuk hadi dereva akanitazama kwa kioo. Kisha kicheko kikanikatika, maana jibu hilohilo nilipewa mimi nikiwa na umri wake, na miaka kadhaa baadaye likaniaibisha mbele ya meneja, wageni wawili na kima mmoja. Nitafika huko.

Kiswahili kina majina matatu ya kile kialama chenye mkia: koma, mkato na kipumuo. Koma ni mgeni, tumwache apumzike. Hayo mawili mengine ni ya kwetu, na hayasikilizani. Kipumuo kinakwambia simama uvute hewa. Mkato unakwambia hapa pana kitu kimekatwa kutoka kwa kingine. Mdogo wangu, ugomvi wako wote na kalamu nyekundu umo humo. Unaandika Kiingereza kwa kipumuo, nacho kinataka mkato.

Mwalimu tusimlaumu sana. Alama hizi zilianza kweli kama msaada wa kusoma kwa sauti. Miaka 200 hivi kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria kule Misri, alitia vitone kwenye maandishi ili msomaji ajue wapi asimame kidogo na wapi asimame sana. Kipande kifupi cha maneno Wagiriki walikiita komma, neno lililotoka kwenye kukata, kwa hiyo Mswahili aliyesema "mkato" aliusogelea ukweli kuliko alivyojua. Umbo la mkia tunaloliona leo lilienezwa na wachapaji wa Venice, Aldus Manutius akiwa mmoja wao, mwishoni mwa karne ya 15. Baadaye watu wakazoea kusoma kimyakimya, na wanasarufi wa Kiingereza wakaitoa alama hii mapafuni wakaipeleka kwenye mifupa ya sentensi. Mwalimu wako hakukudanganya. Amechelewa tu karne mbili tatu.

Na sisi wa pwani tuna sababu yetu ya ziada, nayo ni ushairi. Tangu utotoni tunaona mshororo umegawanywa kati: mizani 8 za ukwapi, mkato, mizani 8 za utao. Mkato ule haujui kiima wala kitenzi, kazi yake ni kuhesabu mizani na kumpa mwimbaji nafasi. Mtoto aliyelelewa na mashairi ya harusini na redioni anapoketi kuandika insha ya Kiingereza, mkono wenyewe unatafuta pa kupumzika kila baada ya hatua chache. Nimezisoma insha za namna hiyo. Kwa sauti zinapendeza kweli. Ukishika kalamu ya kusahihisha, hujui uanzie wapi.

Lakini papo hapa pwani kuna mahali ambapo wengi wenu mlifundishwa jambo hili vizuri kuliko darasa lolote, nami nashangaa hatupataji: madrasa. Unakumbuka ustadhi alivyokuzuia kusimama ovyo? Juu ya mistari ya msahafu mna herufi ndogondogo. Mim inakuambia simama, ni lazima. Lam-alif inakuambia usisimame. Jim inakuachia hiari yako. Na pumzi ikikukatikia pasipofaa, hukuruhusiwa kuvuta hewa ukaendelea mbele kama hakuna kilichotokea. Ulirudi nyuma maneno mawili matatu, ukaunganisha, maana ikakaa sawa, ndipo ukaendelea. Kwa nini? Kwa sababu kusimama kulifuata maana, na mapafu yalitakiwa kunyenyekea. Ukisimama pabaya unaweza kutamka kinyume cha kilichokusudiwa. Basi mkato wa Kiingereza ni jamaa wa herufi zile. Mliolelewa kanisani mniwie radhi, ulizeni jirani atawaonyesha.

Sasa vishazi, ambapo wengi hushika kichwa. Mimi huwashangaa. Kwenye karatasi ya pili ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE, matumizi ya lugha peke yake yana alama 40, na humo mnachanganua sentensi kwa matawi na kwa jedwali kama watu waliozaliwa nazo. Kishazi huru mnakijua. Kishazi tegemezi mnakijua. Sentensi sahili, ambatano na changamano mnazitaja kama majina ya wajomba. Kengele ikilia, mwalimu wa Kiingereza akaingia na kuandika "clause" ubaoni, mnamtazama kama mtalii aliyeuliza njia kwa Kijerumani. Ni kitu kilekile, jamani! Kina kiima, kina kitenzi, na ama kinasimama peke yake ama kinamwegemea mwenzake.

Chukua huu: Ukifika Diani, nipigie. "Ukifika Diani" haisimami. Ukiniambia hivyo ukanyamaza, nitakaa nimekukodolea macho nikingoja. Hicho ndicho kishazi tegemezi. Kimetangulia, kwa hiyo mkato unakuja kukitenga na mwenye nyumba. "When you get to Diani, call me." Sasa geuza: Nipigie ukifika Diani. Mkato umekwenda wapi? Umeondoka, na hata hukuuona ukitoka. "Call me when you get to Diani." Tegemezi kikitangulia, kiachie mkato nyuma yake. Kikifuata, mara nyingi hakidai kitu. Miduara miwili kwenye insha yako ni ya kosa hili. Ulianza na "If" na "After", ukakimbia moja kwa moja hadi mwisho bila kukata. Shika ile -ki- yako na nusu ya kanuni umeshaimiliki.

Mara nyingi, nimesema, si siku zote. Anayesumbua zaidi ni "because". Watoto wengi humtilia mkato mbele kila wanapomwona, sijui nani aliwaambia. "I was late because it rained." Hapana mkato hapo. Umeulizwa kwa nini umechelewa, na mvua ndilo jibu lenyewe, usiliweke mbali.

Na tukiwa hapohapo, wacha kuwapakia "although" na "but" katika sentensi moja. Najua inatoka wapi. Barazani tunasema ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda, na hakuna anayekurushia kiatu. Kiingereza hakikubali. Manahodha wawili, chombo huenda mrama, kwa hiyo chagua mmoja. "Although it rained, we went." Au, "It rained, but we went." Sentensi zote mbili zina mkato, ila si kwa sababu moja: ya kwanza ina tegemezi aliyetangulia, ya pili ina huru wawili walioshikana mikono. Ukiweza kunieleza tofauti hiyo bila kutazama daftari, somo la aina za vishazi umeshalipita, mengine ni mazoezi.

Hao huru wawili ndio waliokula miduara mitatu kwa mkupuo. Uliandika, "I woke up early, I went to the beach, I bought fish, I came back." Mwalimu kazungushia mikato yote, wewe ukaona umeonewa. Na nakuelewa, kwa sababu kwa Kiswahili ungeandika: Niliamka mapema, nikaenda pwani, nikanunua samaki, nikarudi. Safi kabisa. Mwalimu wa Kiswahili angekutilia tiki akaendelea na chai yake. Tofauti iko wapi? Iko kwenye -ka-. Silabi ile moja ndiyo gundi. Inamwambia kila mmoja kwamba anamfuata aliyetangulia, ndiyo maana mkato mwembamba unatosha kati yao. Kiingereza hakina -ka-. Vishazi vyako vinne kila kimoja kimesimama kwa miguu yake, na mkato peke yake hauna nguvu za kuvishikanisha.

Ukipita barabara ya hoteli hapa Diani, hebu tazama juu. Utaona ngazi zilizotandazwa hewani kutoka mti wa upande huu hadi mti wa upande ule. Zimewekwa na shirika la kuhifadhi mbega lililoanzishwa 1997, kwa kuwa mbega wetu wale, weusi wenye mashavu meupe, walikuwa wakigongwa na magari wakivuka. Mti huu ni kishazi huru. Mti ule ni kishazi huru. Mkato ni ile lami katikati: unaonyesha pana mpaka, lakini hauvushi mtu. Anayevusha ni ngazi, na ngazi za Kiingereza ni saba, zile mwalimu anazowafungia katika neno moja la FANBOYS: for, and, nor, but, or, yet, so. Weka mkato, tandaza ngazi, mbega avuke. "I woke up early, and I went to the beach." Hutaki ngazi? Weka nukta, kila mti ubaki na mbega wake.

Ila mimi, kwa safari yako ya samaki, nisingefanya lolote kati ya hayo. Ningewafuta hao "I" waliojazana. "I woke up early, went to the beach, bought fish and came back." Kiima kimoja, vitenzi vinne, na mikato sasa ni ya orodha tu. Jihadhari lakini na "however". Kwa mbali anafanana na ngazi. Ukimkanyaga kati ya vishazi viwili huru ukiwa na mkato peke yake, uko chini. Mbele yake tia nukta, au nukta-mkato ukijisikia mtu wa makuu.

Sasa aibu yangu. Nilipomaliza shule nilipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya ufuoni, jina tuliache. Mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kujibu barua pepe za mawakala wa safari. Wakati huo tulikuwa tumeweka feni mpya kwenye vyumba vinavyotazama bahari. Vile vya upande wa bustani vilikuwa bado na zile feni zinazolia kama mlango wa ghala. Nikaandika, kwa majivuno ya mtu aliyepata B ya Kiingereza: "The rooms, which face the sea, have new fans." Mikato miwili niliitia kwa sababu nilipumua mara mbili.

Wiki chache baadaye wakafika mume na mke, watu wazima, wapole. Nikawapa ufunguo wa chumba cha bustani. Hazikupita dakika 10 wakarudi. Yule bibi akaniambia, kwa adabu kabisa, kwamba dirishani kwake haoni bahari. Anaona jenereta, na juu ya jenereta kaketi kima anakula ndizi, nayo ndizi yenyewe ni ya kwake. Nikamwambia chumba cha bahari kina bei yake. Akafungua mkoba, akatoa karatasi. Barua yangu! Wakala kaichapisha kawapelekea, na sentensi ile imepigiwa mstari. Nikaisoma mara mbili, pale pale kaunta, na jasho likaanza kunitiririka chini ya sare. Nilikuwa nimeandika kwamba vyumba vina feni mpya, na kwa taarifa yako vyote vinatazama bahari. Kumbe nilitaka kusema ni vile tu vinavyotazama bahari. Meneja akaitwa. Wageni wakahamishiwa chumba cha bahari kwa bei ya bustani, siku 7, na tofauti ya bei mshahara wangu ukaijua kwa miezi miwili.

Ndiyo maana kishazi cha "who" na "which" nimekichelewesha, maana humo mna pesa. Kina tabia mbili. Ama kinachuja, kinatenga hawa na wale, ama kinaongeza habari ya pembeni juu ya mtu ambaye tayari tunamjua. Kinachochuja hakipewi mkato. Cha habari ya pembeni kinapewa miwili, mmoja wa kufungua na mmoja wa kufunga.

Utajuaje kipi ni kipi? Nitakupa kipimo changu, nilichokitunga kaunta pale nikijisikitikia. Sema kwa Kiswahili kwanza. Lugha yetu hupachika "o" tumboni mwa kitenzi: vyumba vinavyotazama, wageni waliolipa. Kama hiyo ndiyo maana yako, waliolipa tu na si wengine, mkato hauna kazi. "Guests who have paid may board the boat." Lakini kama unaweza kusema "naye" au "na vyote" bila kuharibu maana, hapo ni pembeni, tia mikato. "My mother, who sells mahamri, wakes at four." Mama yangu, naye anauza mahamri, huamka saa kumi. Mama ni mmoja, hachujwi.

Wake wa wajomba, hao wanachujwa! Andika "my uncle's wife who lives in Msambweni" bila mikato, na umeshautangazia mtaa kwamba mjomba ana mwingine, labda Tiwi, labda Vanga. Andika "my uncle's wife, who lives in Msambweni," ukiwa na mikato yako miwili, na nyumba ya mjomba imetulia. Nimewahi kumweleza hivyo mwanafunzi wa kiume wa madarasa yangu ya jioni, akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, basi mimi niache bila mikato." Nikamwambia haya, hapo umeitumia sarufi.

Na ukifungua, ufunge. Mduara mmoja wako ni wa mlango ulioachwa wazi. Ulitia mkato kabla ya "who", kisha ukasahau wa pili, kuku wote wakaingia sebuleni. Msahafuni kuna vile vitone vitatu vitatu vinavyokuja kwa jozi, kama mwanzoni mwa Suratul Baqara, ambapo ukisimama kwenye jozi moja husimami kwenye nyingine. Kiingereza hapa ni kinyume chake. Ukisimama kwa mmoja, kwa mwenzake pia utasimama.

Mduara unaoniuma kuliko yote ni huu: "The woman who sells viazi karai near the stage at Ukunda, is my aunt." Hapa ndipo pumu yako ilipoandika badala yako. Sentensi imekuwa ndefu, hewa ikaisha, mkono ukatia mkato. Umemtenga kiima na kitenzi chake, yaani umekata usawa wa shingo. Yule mwanamke na sifa zake zote, viazi, stendi na Ukunda nzima, ni kiima kimoja. Mfupishe uone: "She, is my aunt." Ungeandika hivyo? Basi kiima hata kikirefuka kikafika Lunga Lunga, hakitengwi na kitenzi chake.

Hali kadhalika kishazi cha nomino, kile cha "that", yaani kwamba yetu. Alisema kwamba shule imefungwa. "She said that the school was closed." Usimkate katikati.

Orodha sitakaa nayo, mnaijua tangu darasa la nne. Niongeze moja tu, kwa mnaoandika menyu za vibanda vya chai. Mahamri na mbaazi ni sahani moja, kila mtu wa pwani anajua, lakini mgeni hajui. Ukimwandikia "tea, mahamri and mbaazi and viazi karai", hajui aagize vitu vingapi. "Tea, mahamri and mbaazi, and viazi karai," hapo kaelewa. Mkato ule wa mwisho kabla ya "and" Waingereza wengi huuacha, nasi Kenya tumerithi kwao. Mimi huuweka pale tu mtu anapoweza kukosea sahani.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya walimu wasio na kazi. Muulize Roger Casement. Huyu alikuwa konseli wa Uingereza katika Kongo, na ripoti yake ya 1904 ndiyo iliyoanika ukatili wa biashara ya mpira chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Baadaye akaingia katika harakati za uhuru wa Ireland, akaenda Ujerumani kutafuta msaada wakati wa vita, akakamatwa 1916. Alishtakiwa uhaini kwa sheria ya mwaka 1351, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha zamani, enzi ambazo mikato ya leo ilikuwa haijazaliwa. Wakili wake alidai kwamba maneno "au kwingineko" yaliyomo humo yalihusu kishazi cha karibu tu, na kwamba mteja wake, aliyetenda akiwa nje ya ufalme, hakuguswa na sheria hiyo. Mahakama ikasoma kana kwamba maneno hayo yamewekewa mkato mbele na nyuma, yakahusu yote. Akanyongwa London tarehe 3 Agosti 1916, na watu wakasema amenyongwa kwa mkato. Wewe utapoteza alama mbili.

Lakini alama mbili mbili zinajumlika. Sarufi kwenye karatasi ya pili ya Kiingereza ina alama 15 tu kati ya 80, wengi wakiona hivyo wanaipuuza. Wanasahau kwamba karatasi ya tatu ni insha 3 za alama 20 kila moja, na huko mkato mbaya haukupati mara moja, unakufuata kutoka aya hadi aya. Wewe uko katika kundi la mwisho la 8-4-4, lililofanya KCPE ya mwisho 2023. KCSE yako ni 2027. Muda unao, ila si wa kuchezea.

Usikariri orodha za kanuni. Nawajua, mtazikariri usiku na asubuhi zimebaki kwenye mto. Ukimaliza aya, chukua penseli, upigie mstari kila kitenzi, kisha utafute kiima chake. Kila jozi ni kishazi. Kiulize kila kimoja kama kinaweza kutembea peke yake mpaka stendi bila kushikwa mkono. Ndipo utie mikato, na uitie kama muuza nyama anavyopitisha kisu, kwenye kiungo. Fanya hivyo kwa wiki mbili, aya moja kwa siku, hata ikiwa ya kueleza ulichokula. Ukipita barabara ya hoteli, soma vibao na menyu ukivisahihisha kimoyomoyo, kuna kazi ya kutosha kule. Ila msije mkasahihisha mikato ya wachumba wenu kwenye WhatsApp halafu mkaniandikia hapa mkilia.

Na hiyo pumu, mdogo wangu, inhela ikae mkobani, isikae kabatini nyumbani. Masika yakianza usisubiri ubanwe ndipo umwone daktari.

Insha yako nimeirudisha na penseli yangu pembeni. Miduara yote 9 nimeieleza. Kisha kuna mkato mmoja ambao mwalimu hakuuzungushia na mimi sikuugusa, ule wa aya ya mwisho: "When my grandmother died, we moved to Ukunda." Huo uko mahali pake.